Mtafuta Nyuso wa Lick Branch

Mara ya kwanza Delphia Spurlock kuonekana kwenye televisheni alikuwa na miaka tisa, na miguu yake ilikuwa mitupu. Viatu alikuwa navyo. Vilikuwa chini ya kitanda, vyekundu, vyenye kifungo pembeni, vimenunuliwa kwa ajili ya shule wiki mbili kabla. Bwana wa kamera ndiye aliyemwambia avivue.

Mama yake, Icy, alikuwa amejiandaa kwa ugeni ule siku tatu nzima. Alichinja kuku wawili, akachemsha maharage na mfupa wa nguruwe, akaoka mkate wa mahindi, akatandika kitambaa cheupe cha meza ambacho hutoka sandukuni siku ya Krismasi tu. Wageni walikuwa wanaume watano kutoka New York. Walikula mpaka wakalamba vidole. Wakashukuru sana. Kisha mmoja wao, kijana mpole mwenye miwani, akaomba meza iondolewe vitu.

"Na hicho kitambaa pia, mama, kama hutajali. Halafu watoto wakae hapo na sahani tu."

"Sahani tupu?" Icy akauliza. "Si wameshakula?"

"Tunajaribu taa tu."

Icy aliwaamini. Mtu aliyekula mezani kwako unamwamini.

Wiki tatu baadaye bonde zima la Lick Branch lilijazana katika duka la Arlie Prater, mahali pekee palipokuwa na televisheni. Sauti nzito ya mwanaume ikaeleza kwamba huku kwenye milima ya Kentucky kuna watoto wanaolala bila kutia kitu tumboni, na baba zao wamesahau hata kazi ni kitu gani. Wakati huohuo akaonyeshwa Delphia, nyayo zake chafu, mbele ya sahani tupu, akitabasamu.

Baba yake, Burl, alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, uso bado mweusi kwa vumbi la makaa. Alikuwa ametoka zamu moja kwa moja. Mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

"Burl, kumbe kuku unawafungia chumbani unawala peke yako!"

Duka likaangua kicheko. Burl alimshika Delphia mkono akatoka naye. Nyumbani alivua mkanda akamchapa mpaka Icy akaingia kati. Wale wa New York hangewapata, na mke aliyempikia kuku mgeni hakuwa na kosa. Aliyebaki ni mtoto aliyetazama kamera akacheka.

"Ulikuwa unamchekea nani?" alimuuliza kila alipoushusha mkanda. "Nani alikwambia ucheke?"

Baadaye maboksi ya nguo kuukuu yakaanza kufika posta, kutoka kwa watu wasiojulikana wa majimbo yasiyojulikana. Icy aliyachoma yote nyuma ya banda la ng'ombe bila kuyafungua. Kaka yake Delphia, Estill, aliyekuwa na miaka kumi na mbili, ndiye aliyempaka dada yake mafuta mgongoni, akimpulizia majeraha na kumwambia hadithi za uongo ili asahau.

Wengine katika familia ile walibaki na aibu ya siku hiyo. Delphia aliondoka na kitu kingine. Aliona kwamba watu wale walikuja na picha yao tayari kichwani, wakazunguka nyumba nzima wakiitafuta, na walipoikosa wakaitengeneza. Jambo hilo lilimkaa.

Alipofika miaka ishirini alikuwa akihudumia meza katika mkahawa wa mjini Hazlett. Mwaka huo ikaja kampuni ya filamu. Ilikuwa filamu ya kutisha: wasafiri wa mjini wanapotea milimani, wenyeji wanawawinda mmoja mmoja. Mwongozaji wake, bwana mnene mwenye ndevu zilizochongwa, alikunywa kahawa pale kila asubuhi, na asubuhi moja akamwita.

"Binti, watu wa huku unawafahamu?"

"Mimi mwenyewe wa huku."

"Hapana, nasema wale wenyewe hasa." Akamtazama usoni. "Wewe una meno yote."

Delphia alikuwa ameshika birika la kahawa ya moto. Miaka mingi baadaye alisema kwamba alipima kabisa umbali kutoka mdomo wa birika mpaka mapajani mwa yule bwana. Lakini alichofanya ni kuliweka birika mezani.

"Mnataka wangapi?" akauliza.

Wa kwanza kumpeleka alikuwa mzee Hobert Noe, mjane, mwenye uvimbe wa shingo mkubwa kama boga dogo. Delphia alimwambia kwamba ni filamu ya maisha ya kale ya milimani, ya heshima, na wanataka mzee anayekumbuka. Hobert alifurahi. Walimvisha matambara, wakamkalisha kwenye baraza bovu, wakampa mguu wa nguruwe wa kubandua kwa meno. Aliubandua kwa bidii zote.

Filamu ilipofika sinema ya mjini, Hobert alivaa suti ya kanisani akawachukua wajukuu zake wawili, wasichana wa miaka saba na tisa, akawakalisha mstari wa mbele. Pale kwenye kitambaa kikubwa walimwona babu yao akitafuna mkono wa mtu. Mdogo alipiga kelele, akaponyoka, akakimbia mpaka barabarani. Tangu siku hiyo hawakukubali tena kulala nyumbani kwa babu, na mama yao akachoka kuwalazimisha.

Hobert alimfuata Delphia mkahawani, kofia mkononi.

"Binti wa Burl, uliniambia filamu ya mambo ya kale."

"Si ya kale, mzee? Wewe uliona redio mle ndani?"

Mkahawa mzima ulicheka. Mzee alisimama kidogo, akijaribu kucheka nao, kisha akavaa kofia yake akatoka. Delphia alikwenda na jibu lile nyumbani kama mtu aliyeokota johari. Alilirudia kwa miaka, kwenye harusi na kwenye misiba, na kila mara akalitilia chumvi kidogo.

Hivyo ndivyo alivyoanza. Wote waliokuja na kamera kutoka Los Angeles au New York au London waliambiwa: mtafute Delphia Spurlock. Hakuhitaji daftari. Alikuwa nazo kichwani nyuso zote za mabonde yale: nani kakatika sikio, nani ana watoto kumi na wawili na baraza lililolala upande, nani akilewa hulia, nani anashika nyoka kanisani kuthibitisha imani. Aliwaambia watu wavue meno ya bandia. Aliwaambia waburute friji mbovu kutoka nyuma ya nyumba wailete mbele. Wengine walikubali kwa kupenda mchezo, wengine kwa sababu mgodi ulikuwa umefungwa, wengine kwa sababu Delphia alikuwa jamaa na jamaa humkatalii. Na yeye alimdanganya kila mmoja kwa namna yake.

Yeye mwenyewe alizitazama zote. Alitazama zile za kuchekesha, ambamo baba mjinga na wanawe wajinga wanalala na nguruwe. Alitazama zile za maaskari na majambazi, zilizopigwa California kwenye vilima vikavu visivyo na hata mti mmoja wa kwao. Zile za kuliza, za mwalimu mwanamke anayekuja kutoka mjini kuwafundisha watu kusoma na kuoga, alizitazama akila njugu. Kulikuwa na moja ya wachimba makaa waliogoma, nzuri kweli, na hiyo Burl angeipenda, ila Burl alikuwa amekwisha kufa kwa mapafu yaliyogeuka jiwe.

"Usiniangalie hivyo," alimwambia Estill siku moja. "Watakuja tu, niwepo nisiwepo. Bora wapelekwe na mtu wa kwao."

Estill hakuwa amemwangalia kwa vyovyote. Alikuwa anasafisha fremu ya mzinga wa nyuki.

Huyu Estill, kaka yake, alikuwa ameingia mgodini akiwa na miaka kumi na minane. Alipofika thelathini na moja paa lilimshukia. Alitoka hai, lakini taya lilivunjika mara tatu na likaunganishwa vibaya. Upande mmoja wa uso ukalegea, maneno yakawa yanatoka mazito, kama mtu anayeongea na kokoto mdomoni. Aliyemzoea alimwelewa bila shida. Alikula polepole, na kitambaa begani, maana chakula kilimponyoka. Alimwoa Neva, muuguzi aliyemlisha hospitalini kwa kijiko, akajitia kwenye ufugaji wa nyuki. Alikuwa na mizinga thelathini mlimani. Alisoma vitabu vya nyuki mpaka wataalamu wa chuo kikuu wakawa wanampigia simu Neva ili wamuulize Estill. Na ajabu yake ni kwamba sauti ya kuimba haikuvunjika. Kanisani kwao hakuna kinanda. Mmoja anatangulia kwa mstari, wengine wanaufuata. Miaka ishirini na sita aliyetangulia alikuwa Estill.

Waongozaji walimwona. "Yule mwenye taya ni nani?" waliuliza, mmoja baada ya mwingine. Delphia alijibu vilevile kila mara: "Yule hapana." Alikuwa amewauza wote, lakini huyo alimficha.

Alimficha mpaka mwaka ule ilipokuja kampuni yenye kipindi kikubwa cha televisheni, cha kuonyesha maisha halisi ya familia za milimani. Kijana aliyekiongoza aliitwa Brantley, mwenye tabasamu la haraka na mkono wa kugusa bega la mtu.

"Mama Delphia, umefanya kazi hii miaka thelathini na tano. Jina lako limewahi kuandikwa mwishoni mwa filamu?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Nimesema hapana."

"Mimi nitaliandika. Peke yake, herufi kubwa. Lakini nikiwa na uso mmoja tu wa kuwafanya watu waache kubadilisha stesheni." Akangoja. "Unajua ninayemsema."

Delphia alilala na jambo hilo siku mbili. Siku ya tatu alikwenda kwa Estill akamwambia kwamba kuna watu wanataka kutengeneza kipindi cha nyuki.

"Nyuki tu?" Estill akauliza.

"Nyuki, asali, na wewe. Dunia nzima nyuki wanakufa, wanataka kusikia kwa nini wako hawafi."

Neva alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa. "Wifi, mwangalie usoni umwambie tena."

Delphia alimwangalia kaka yake usoni akamwambia tena.

Estill alinyoa ndevu mara mbili asubuhi ile. Alivaa shati jeupe. Aliongea mbele ya kamera saa tatu nzima, jasho likimtoka, akiyapanga maneno kwa uangalifu ili yaeleweke: habari za malkia, habari za baridi, namna ya kusikiliza mzinga kwa sikio na kujua kama kuna njaa ndani. Delphia alisimama nyuma ya kamera akitikisa kichwa kumtia moyo. Mchana Neva akaandaa chakula, na kamera haikuzimwa. Brantley aliomba Estill aondoe kile kitambaa cha begani, kwa sababu eti kilikuwa kinaleta mng'ao.

Kipindi kilipotoka, saa tatu zile zilikuwa zimebaki sekunde arobaini. Ilikuwa sehemu ya kula. Mchuzi ulishuka kidevuni, uji wa mahindi ukadondoka kwenye shati jeupe, na chini ya picha yakapita maandishi yanayodai kutafsiri anachosema, ingawa alikuwa anasema Kiingereza kama mtazamaji yeyote. Aliposema, "Nyuki anamjua anayemtunza," waliandika kwamba nyuki ndiye mke wake. Nyuma wakatia sauti ya watu wakicheka. Mwishoni jina la Delphia Spurlock likaonekana, peke yake, herufi kubwa. Alikuwa ameandaa mashine ya kurekodi, akaisimamisha picha pale.

Kipande kile kilisambaa kwenye simu za watu kuliko kipindi chenyewe. Kabla ya mwezi kwisha, magari yakaanza kupanda Lick Branch yenye namba za majimbo ya mbali, yamejaa vijana.

"Babu! Sema kitu! Neno moja tu, babu!"

"Mkeo yuko kwenye mzinga upi?"

Neva aliwatokea na bunduki ya ndege mara mbili, wakampiga picha na hiyo pia. Jumamosi moja Estill na Neva wakiwa mazishini bonde la pili, wengine walipanda mlimani wakamwaga petroli kwenye mizinga kumi na mmoja, wakaitia moto na kujirekodi wakicheza mbele yake. Estill alikuta nyuki waliobaki wamejikusanya kwenye tawi, na majivu yenye nta iliyoyeyuka. Alipiga magoti akaanza kutafuta malkia kwa vidole.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alikwenda kwa Delphia. Alikaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango. Alikuwa amebeba chupa ya asali, kama kawaida yake, akaiweka mezani.

"Delphia, siku ile nilisema kitu kibaya?"

"Hukusema kibaya."

"Niliongea vibaya? Sikueleweka?"

"Ulieleweka."

"Basi kwa nini wameandika maneno yasiyo yangu?"

"Ndivyo televisheni ilivyo, Estill. Usilikuze. Baada ya miezi miwili watakuwa wanamcheka mwingine."

Estill alijifuta kidevu.

"Mimi nilikuwa sizungumzi na kamera," akasema. "Ile kamera iliniogopesha. Nilikuwa nakutazama wewe. Na wewe ulikuwa unaniitikia kwa kichwa. Saa tatu. Ulikuwa unajua watakachofanya?"

Delphia aliwahi kuwa na jibu kwa kila mtu. Kwa huyu akasema tu, "Nilijua."

Estill akainuka. Alipofika mlangoni alirudi, akaichukua ile chupa ya asali kutoka mezani, akaondoka nayo.

Baada ya hapo aliacha kuongea. Hakuwa amekasirika, wala hakuumwa kwa namna daktari angeweza kuona. Alifunga mdomo tu, akawa anamwandikia Neva kwenye vipande vya karatasi. Kanisani alikaa kiti cha nyuma, na mtu mwingine akatangulia nyimbo, vibaya. Aliuza mizinga iliyobaki. Msimu wa baridi wa pili homa ya mapafu ikamwingia, na siku nne zikatosha.

Delphia alipanda mpaka nyumbani kwao na keki ya matufaha mikononi. Neva alimkuta kwenye ngazi.

"Wifi, sitaki makelele leo, kwa hiyo nakwambia polepole. Juu makaburini usipande. Ukipanda nitakushusha mbele ya maiti, na watu watanisaidia."

"Ni kaka yangu, Neva."

"Ulikuwa na miaka hamsini ya kulijua hilo."

Siku ya maziko Delphia alikaa ndani ya gari lake chini ya mlima, kioo kimeshushwa, akisikia wimbo ukishuka kidogokidogo. Watu waliposhuka walipita pande zote mbili za gari. Hakuna aliyeligonga. Mjukuu mmoja wa Hobert Noe, yule mdogo, sasa mwanamke mzima, alisimama, akainama mpaka usawa wa dirisha, akamtazama kwa muda mrefu, akaendelea na safari yake.

Miezi minne baadaye simu ililia. Alikuwa Brantley. Walikuwa wanatengeneza kipindi cha kuonyesha watu wao wa zamani wako wapi sasa.

"Yule bwana wa nyuki anaendeleaje?"

"Amefariki."

"Aa. Pole sana, mama." Halafu akauliza: "Ana kaburi?"

Delphia alitazama ukutani. Ardhi ile ya makaburi ilikuwa ya akina Spurlock, na yeye ndiye Spurlock wa damu aliyebaki. Neva hakuwa na haki kisheria ya kumzuia. Lakini tangu maziko hakuthubutu kupanda peke yake. Akiwa na watu, na magari, na vyombo, ingekuwa kazi. Kwenye kazi alikuwa hodari.

"Lipo," akasema. "Njooni Jumanne."

Walipanda mchana, jua kali. Kaburi lilikuwa bado tuta la udongo wa manjano lenye maua ya plastiki. Walimsimamisha pembeni yake, wakamfunga kinasa sauti kifuani, wakamwambia aongee na kaka yake kama vile hawapo. Delphia alifungua mdomo ili aseme jambo alilokuwa amelipanga njiani, na badala ya maneno kikatoka kilio. Alilia kama hakuwahi kulia, si kwa Burl, si kwa Icy. Alikaa chini kwenye udongo akamwita Estill kwa jina la utotoni ambalo hakuna aliyelijua tena duniani isipokuwa yeye.

"Kata!" Brantley akasema. "Lori la makaa limepita kule chini, tumelisikia lote. Pole, mama Delphia. Ilikuwa nzuri mno. Turudie pale pale. Lile jina uliloliita, liseme tena."

Delphia alisimama, akajipangusa. Alijaribu. Akaliita lile jina, likatoka kavu, kama jina la mtu wa kwenye orodha. Akajaribu mara ya tatu. Msichana wa vipodozi akaja na kichupa, akamwinua kidevu, akamdondoshea matone mawili kila jicho, na ndipo machozi yakashuka vizuri.

Alipofungua macho alimwona Neva kwenye lango la uzio, mikono imekunjwa kifuani. Hakujua alifika saa ngapi. Neva hakuwa na bunduki wala hakupiga kelele. Aliwangoja wakunje nyaya, wafungashe vyombo, wapite mmoja mmoja. Delphia alipita wa mwisho, uso bado umelowa.

"Umemaliza?" Neva akamuuliza.

"Neva, ile ya kwanza ilikuwa kweli. Kabla ya lori. Ile ya kwanza..."

"Pita basi, nifunge."

Kipindi kilipotoka Delphia hakuwamo. Alikitazama mpaka mwisho, mpaka majina yote yakapita, kisha akampigia Brantley, ambaye wiki zote zile hakuwa akipokea simu zake, na safari hii simu ikapokelewa.

"Tuliijaribu, mama," kijana akasema. "Haikuwa na nguvu. Ulionekana kama unaigiza."

"Ningeweza kurudia," Delphia akasema. "Nipeni siku moja tu. Ningeweza kurudia."

Lakini Brantley alikuwa na mtu mwingine kwenye laini.